Sura ya Sita: Mstari Ulio Chini ya Vichwa

Jedwali lililo hapa chini limeandikwa kwa alama za kawaida za kibodi, herufi na vistari tu, vitu ambavyo hata kompyuta ya mwaka 1985 ingevisoma bila taabu.

```
#+NAME: mauzo
| Zao      | Kilo |  Bei |
|----------+------+------|
| Mahindi  |   90 |  800 |
| Maharage |   40 | 2500 |
| Mchele   |   25 | 2200 |
```

Tuseme ni mauzo ya siku moja ya muuza nafaka: kilo alizouza, na bei ya kilo moja kwa shilingi. Ukilifungua faili hili kwa programu yoyote ya kuandikia, utaona hicho hicho unachokiona hapa. Ukilifungua kwa Emacs, katika hali yake iitwayo Org, unapata zaidi. Bonyeza TAB, na safuwima zinajipanga zenyewe: namba zinasogea kulia, maneno yanabaki kushoto. Chini ya jedwali, ndani ya faili lile lile, unaweza kuandika msimbo wa Python, wa R au wa lugha nyingine, ukabonyeza Ctrl na C mara mbili, ukaulizwa kama kweli unataka msimbo huo uendeshwe, ukakubali, na jibu likajiandika hapo chini kama jedwali jingine.

Tunachokifuata katika sura hii ni safari fupi ya katikati, pale jedwali linapoingia kwenye msimbo na pale linapotoka. Wengi hudhani hapo hapana jambo. Lipo, tena kubwa. Ule mstari wa vistari ulio chini ya maneno Zao, Kilo na Bei, ambao jicho huuchukulia kama pambo, kwa programu ni amri.

Org ilianzishwa mwaka 2003 na Carsten Dominik, mwanaastronomia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, na mwaka 2007 ikaingia rasmi katika toleo la 22 la Emacs. Sehemu yake ya kuendesha msimbo inaitwa Babel. Walioileta ni Eric Schulte na Dan Davison, na kufikia mwaka 2010 ilikuwa imeshakuwa kiungo cha Org yenyewe. Miaka miwili baadaye wawili hao, pamoja na Dominik na mwanaakiolojia Thomas Dye, walieleza kazi hiyo katika jarida la Journal of Statistical Software. Wazo lenyewe lina umri zaidi ya hapo. Donald Knuth alilitangaza mwaka 1984 alipopendekeza kwamba programu iandikwe kama insha, imlenge kwanza binadamu anayesoma, halafu mashine.

Kwa nini mtu ajisumbue hivyo wakati Excel ipo? Jibu moja lilipatikana mwaka 2013 pale Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst. Mwanafunzi Thomas Herndon alikuwa akijaribu kurudia hesabu za makala mashuhuri ya mwaka 2010 ya wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi. Hesabu zilikataa kutoa jibu lile lile. Alipotumiwa faili la Excel lenyewe, alikuta fomula ya wastani inaanzia safumlalo ya 30 na kuishia ya 44, badala ya kufika ya 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Yeye na walimu wake Michael Ash na Robert Pollin walipoirekebisha fomula hiyo, pamoja na kasoro nyingine za uteuzi wa data na za uzani, wastani wa ukuaji wa nchi zenye deni kubwa ulitoka asilimia 0.1 chini ya sifuri ukawa asilimia 2.2 juu yake. Serikali kadhaa zilikuwa zimeshaitaja makala ile zikitetea sera za kubana matumizi.

Kosa kama lile lilijificha kwa sababu fomula ya Excel hukaa nyuma ya namba, na anayesoma makala huiona namba peke yake. Katika Org msimbo uko wazi juu ya jibu, mbele ya macho ya kila msomaji. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini kuuona msimbo si sawa na kuona ni kitu gani hasa msimbo umepokea.

Hebu tulipeleke jedwali letu Python. Tunataka mapato ya kila zao, yaani kilo mara bei:

```
#+BEGIN_SRC python :var data=mauzo :colnames yes
return [[zao, kilo * bei] for zao, kilo, bei in data]
#+END_SRC
```

Neno `:var` linasema jedwali la mauzo liingie kwa jina la `data`. Neno `:colnames` linahusu vichwa vya safuwima. Tukiandika `yes`, Org inaviweka vichwa kando kabla ya hesabu, kisha inavirudisha juu ya jibu, mradi jibu lina safuwima zinazolingana navyo kwa idadi. Jibu ni hili:

```
#+RESULTS:
| Mahindi  |  72000 |
| Maharage | 100000 |
| Mchele   |  55000 |
```

Tafuta vichwa: havipo. Namba zote ni sahihi, maharage yameingiza shilingi 100,000 kweli, ila jedwali halimwambii msomaji kama hizo ni shilingi au kilo. Org ilichukua vichwa vitatu, ikakuta msimbo umerudisha safuwima mbili tu, ikaviacha vyote bila kutoa onyo. Kukosekana kwa vichwa ndiyo dalili pekee. Msimbo ungerudisha safuwima tatu, hata dalili hiyo isingekuwepo: Zao, Kilo na Bei vingerudi juu ya namba zozote zile, ziwe zao au zisiwe zao.

Dawa ni kuandika vichwa vya jibu wewe mwenyewe:

```
#+BEGIN_SRC python :var data=mauzo :colnames '("Zao" "Mapato")
```

Je, usipoandika `:colnames` kabisa? Hapo Org inakisia, na inakisia kwa kuutazama ule mstari mlalo. Ikiukuta mara baada ya safumlalo ya kwanza, na pasiwepo mstari mwingine wa aina hiyo chini zaidi, inaamua kwamba safumlalo ya kwanza ni vichwa na haiipeleki kwenye hesabu. Ni kanuni ya busara na mara nyingi inapatia. Sasa mwenye jedwali, kwa nia njema kabisa, anaongeza jumla:

```
| Mchele   |   25 | 2200 |
|----------+------+------|
| Jumla    |  155 |      |
```

Ameongeza mstari wa pili, na kwa kufanya hivyo amevunja sharti. Org haiamini tena kwamba safumlalo ya kwanza ni vichwa. Mistari milalo yote inaondolewa, kwa maana huo ndio mpangilio wa awali kwa Python, na maneno Zao, Kilo na Bei yanaingia kwenye hesabu kama zao la nne. Python inaambiwa izidishe neno Kilo kwa neno Bei, inagoma, inatoa ujumbe wa kosa. Mtu anakaa kuukagua msimbo wake, msimbo ambao jana ulifanya kazi na leo hakuugusa.

Heri hata anayepata ujumbe wa kosa. Kama msimbo ungekuwa unazidisha kilo mara mbili tu, Python isingelalamika hata kidogo, kwa sababu kwake neno mara mbili ni neno lililorudiwa. Jibu lingekuwa KiloKilo.

Upande wa pili kuna mtego unaofanana na huo. Ukiandika `:colnames yes` juu ya jedwali lisilo na mstari wowote, Org inakutii: safumlalo ya kwanza inakuwa vichwa, vyovyote itakavyokuwa. Katika jedwali linaloanza moja kwa moja na mahindi, mahindi hayatahesabiwa.

Tuje kwenye namba. Jedwali la maandishi halina namba, lina herufi zinazofanana na namba. Kila kisanduku kinapoingia kwenye msimbo, Babel hukitazama na kuamua: hiki kina sura ya namba, kipelekwe kama namba, hiki hakina, kipelekwe kama maneno. Bei ya 2500 inapita kama namba. Lakini sisi tumezoea kuandika 2,500, na mkato ule mmoja unaigeuza bei kuwa maneno. Kilo 40 mara "2,500" katika Python ni hayo maneno yaliyorudiwa mara arobaini, kisanduku kimoja chenye herufi mia mbili kinachosukuma jedwali zima nje ya skrini. Kosa hili, kwa ukubwa wake, ni jema, maana halipiti bila kuonekana. Baya ni lile la 2.50 linaloingia kama namba na kutoka likiwa 2.5. Thamani haijabadilika, lakini anayeandika bei au vipimo vya maabara anajua kwamba ile sifuri ya mwisho ilikuwa na maana. Namba za simu nazo zina hatari yake: 0712 na zinazofuata zinaweza kupoteza sifuri ya mbele, kutegemea toleo la Org unalotumia.

Watumiaji wazoefu hutazama upande ambao safuwima imeegemea. Org husogeza kulia safuwima ambayo walau nusu ya visanduku vyake vina sura ya namba, kwa hiyo safuwima ya bei ikihamia kushoto ghafla, kuna jambo. Ni dalili nzuri, ila usiifanye hakimu. Kisanduku kimoja kibovu kati ya vitatu hakitoshi kuihamisha safuwima. Isitoshe, kanuni inayopanga safuwima si ile inayosoma namba. Asilimia kama 50% na saa kama 12:30 huegemea kulia kana kwamba ni namba, na bado Python itazipokea kama maneno.

Hadi hapa tumekuwa na Python, ambayo angalau inarudisha orodha yenye umbo linaloeleweka. Mambo ni magumu zaidi kwa amri za mfumo, zile za sheli, kwa sababu sheli hairudishi orodha. Inatapika herufi tu, na Org inabaki na kazi ya kukisia kama herufi hizo ni jedwali. Chukua faili lenye miji miwili:

```
Dar es Salaam, Tanzania
Mombasa, Kenya
```

Endesha `cat miji.txt` ndani ya kipande cha sheli bila maelekezo yoyote. Org inapima hivi: je, kila mstari una alama ya TAB? Hapana. Je, kila mstari una mkato? Ndiyo. Basi mkato ndio kitenganishi, na unapata jedwali safi la safuwima mbili, mji na nchi. Sasa ongeza mstari wa tatu wenye neno moja tu, Zanzibar. Si kila mstari una mkato tena. Org inaangukia kwenye kitenganishi chake cha mwisho, yaani nafasi kati ya maneno:

```
#+RESULTS:
| Dar      | es    | Salaam, | Tanzania |
| Mombasa, | Kenya |         |          |
| Zanzibar |       |         |          |
```

Mistari miwili ya kwanza haikuguswa na mtu. Imebadilika kwa sababu ya jirani yao. Hili ndilo linalonifanya niseme kwamba mpangilio huu wa awali, kwa sheli, ulichaguliwa vibaya: tafsiri ya mstari mmoja haipaswi kutegemea mistari mingine iliyoingia baadaye. Waliouweka walikuwa na sababu, kwani amri nyingi za sheli hutoa safu nadhifu na inapendeza kuziona zikiwa jedwali bila jasho. Lakini faili la leo si la kesho, na anayeendesha kipande hicho baada ya mwezi hatakuwa na kumbukumbu ya mkato uliokosekana. Kwa sheli, andika `:results verbatim`, na matokeo yatabaki kama yalivyotoka, kila mstari ukitanguliwa na nukta pacha, au yote yakifungwa ndani ya kisanduku cha mfano yanapofika mistari kumi na zaidi. Ukihitaji jedwali, sema `:results table` na uhakikishe mwenyewe kwamba amri yako inatenganisha safuwima kwa TAB.

Ukisiaji wa namna hii haukuanzia Org. Wanasayansi wa jeni wameulipia gharama kubwa. Mwaka 2004 makala katika BMC Bioinformatics ilionya kwamba Excel inageuza majina ya jeni kuwa tarehe: ukiandika SEPT2 inakuwa tarehe 2 Septemba, na MARCH1 inakuwa tarehe 1 Machi. Onyo halikutosha. Mwaka 2016 Mark Ziemann na wenzake wawili walipekua viambatisho vya Excel vya makala za jenomu, wakakuta kwamba kama moja kati ya kila makala tano zenye orodha za jeni ina makosa hayo. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikasalimu amri: SEPT1 ikawa SEPTIN1, MARCH1 ikawa MARCHF1. Ilikuwa rahisi zaidi kubadili jina la jeni kuliko kubadili tabia ya programu. Microsoft yenyewe iliweka swichi ya kuzima ugeuzaji huo mwaka 2023.

Katika Org swichi za namna hii zilikuwepo kabla ya hapo, na hapo ndipo inapoishinda Excel. Shida ni kwamba ziko kwenye mstari wa `#+BEGIN_SRC`, ambao waandishi wengi huuacha mtupu.

Yapo mambo mengine madogo ya umbo la jibu ambayo humchanganya anayeanza, na hayahitaji maelezo marefu. Orodha bapa ya Python, kama `[1, 2, 3]`, inatoka kama safumlalo moja yenye visanduku vitatu. Ukitaka safuwima, kila kipengele kiwe orodha ndogo, `[[1], [2], [3]]`. Ukichapa kwa `print` chini ya `:results output`, unapata maandishi badala ya jedwali. Alama ya mstari wima ndani ya kisanduku itakikata kisanduku hicho vipande viwili, kwa hiyo andika `\vert` mahali pake. Na ukitaka kuchora mstari mlalo kutoka ndani ya Python, rudisha `None` mahali pa safumlalo:

```
#+BEGIN_SRC python :var data=mauzo :colnames yes
mapato = [[zao, kilo * bei] for zao, kilo, bei in data]
jumla = sum(m for _, m in mapato)
return mapato + [None, ["Jumla", jumla]]
#+END_SRC
```

Jumla itakuwa 227000, chini ya mstari wake. Nimeacha `:colnames yes` hapo kwa makusudi. Wewe unajua cha kuandika mahali pake. Kumbuka pia kwamba jedwali hilo jipya, likishapata vichwa vyake, lina mistari milalo miwili, kwa hiyo ukilipeleka kwenye kipande kingine cha msimbo bila kusema lolote kuhusu vichwa, vichwa vitaingia kwenye hesabu. Lugha ya Emacs Lisp yenyewe ina mpangilio wake tofauti: huko mistari milalo haiondolewi, inafika kwenye msimbo kama ilivyo, na msimbo ulioandikwa kwa mazoea ya Python utajikwaa.

Mwenye vipande vingi vya msimbo si lazima aandike maelekezo haya kila mahali. Mistari miwili juu ya faili inatosha:

```
#+PROPERTY: header-args:python :colnames yes
#+PROPERTY: header-args:sh :results verbatim
```

Baada ya hapo kila kipande cha Python na cha sheli ndani ya faili hilo kitafuata, isipokuwa kile kilichoandikiwa maelekezo yake. Kabla hujakiamini kipande chochote kipya, kipe jedwali la safumlalo mbili tatu ambalo jibu lake unalijua bila kikokotoo, kisha tazama vichwa kwanza, namba baadaye. Wala usirekebishe kitu kwa mkono chini ya `#+RESULTS:`, hata kichwa kimoja kilichokosewa, maana Org hulifuta jedwali hilo lote na kuliandika upya kila msimbo unapoendeshwa.